Dawa za Bawasiri zenye Steroidi: Siku Saba za Dawa, na Uchunguzi Usiocheleweshwa

Bawasiri ni ugonjwa unaosemwa kwa sauti ya chini. Mwenye homa huingia duka la dawa akaeleza shida yake mbele ya wateja wenzake; mwenye bawasiri husubiri duka liwe tupu, au humtuma mtu na boksi la dawa iliyokwisha, aseme tu kwamba inatakiwa nyingine kama ile. Ndivyo ilivyo Simbo, inakoanzia barabara ya kwenda Ilagala na Kalya, na ndivyo ilivyo Ujiji, Kigoma mjini na kwingineko nchini. Dawa inayonunuliwa kwa haraka namna hiyo huondoka dukani bila maelezo, na inaweza kutumika kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

Makala hii inahusu krimu, marhamu na vidonge laini vya kuingizwa kwenye njia ya haja kubwa ambavyo ndani yake mna steroidi. Tunaomba msomaji akumbuke mambo mawili kabla ya mengine yote. Kwanza, dawa hizi hutuliza dalili kwa siku chache, wala haziondoi bawasiri. Pili, damu inayotoka kwenye njia ya haja kubwa inahitaji kuchunguzwa na mtaalamu wa afya, hata kama mgonjwa ana hakika kwamba ni bawasiri.

Bawasiri ni nini?

Kila mtu ana mito midogo ya mishipa ya damu kuzunguka sehemu ya mwisho ya njia ya haja kubwa. Mito hiyo husaidia kuziba njia hiyo ili kinyesi na hewa visitoke ovyo. Inapovimba na kushuka ndipo tunaposema mtu ana bawasiri. Bawasiri ya ndani kwa kawaida haina maumivu, bali hutoa damu nyekundu baada ya haja, na wakati mwingine kinyama hutokeza nje. Bawasiri ya nje huonekana kama uvimbe mdogo ukingoni, nayo inaweza kuwasha au kuuma sana damu inapoganda ndani yake.

Sababu kubwa ni choo kigumu na kujikamua. Ujauzito, kuharisha kwa muda mrefu, kubeba mizigo mizito na kukaa chooni kwa muda mrefu huongeza uwezekano wa kuupata. Ugonjwa huu hauletwi na uchafu, hauambukizwi, wala si dalili ya mwenendo mbaya. Hakuna sababu ya mtu kuuonea haya mbele ya tabibu.

Steroidi hufanya kazi gani?

Steroidi tunazozungumzia hapa ni jamii ya kemikali zinazofanana na homoni inayotengenezwa na tezi zilizo juu ya figo. Ni tofauti na zile zinazotumiwa na baadhi ya wanamichezo kukuza misuli. Ugunduzi wa homoni za tezi hizo na matumizi yake uliwapatia Edward Kendall, Tadeus Reichstein na Philip Hench tuzo ya Nobel mwaka 1950, na miaka michache baadaye haidrokotisoni ikaanza kutumika kama dawa ya kupaka kwenye ngozi.

Steroidi ikipakwa sehemu iliyovimba, hupunguza wekundu, joto, uvimbe na muwasho. Dawa za bawasiri mara nyingi huwa na haidrokotisoni au prednisoloni, zikichanganywa na dawa ya ganzi kama lignokaini au sinkokaini inayopunguza maumivu, na pengine oksaidi ya zinki inayokinga ngozi iliyochubuka. Nafuu inaweza kuanza mapema.

Hapo ndipo kosa linapoingia. Mtu akishapata nafuu hudhani amepona, na dalili zikirudi hununua dawa ileile. Lakini mito ya mishipa iliyovimba bado ipo mahali pake, na choo kigumu kilichoisababisha bado kipo. Steroidi haikaushi mishipa, hairudishi kinyama kilichoshuka, wala hailainishi choo.

Kwa nini siku saba?

Dawa ya bawasiri yenye steroidi inayonunuliwa bila cheti cha daktari haipaswi kutumika zaidi ya siku saba mfululizo, isipokuwa mtaalamu wa afya ameelekeza vinginevyo. Kikomo hicho kina sababu zake.

Ngozi ya sehemu hiyo ni nyembamba na daima ina unyevu, na utando wa ndani hunyonya dawa kwa urahisi kuliko ngozi ya mkono au mguu. Steroidi ikiendelea kupakwa kwa wiki na miezi, ngozi huzidi kuwa nyembamba, huchanika kwa urahisi na kuchelewa kupona. Muwasho hurudi, mgonjwa hupaka zaidi, na ngozi huzidi kudhoofika. Kwa wengine, kuacha ghafla baada ya matumizi ya muda mrefu huleta wekundu na hali ya kuungua ambayo mgonjwa hudhani ni bawasiri imerudi kwa nguvu. Aliyekwisha kutumia dawa hizi kwa wiki nyingi asione aibu kulisema; amwone tabibu ili aelekezwe namna ya kuacha.

Aidha, steroidi hupunguza uwezo wa mwili kupambana na vijidudu mahali ilipopakwa. Muwasho unaosababishwa na fangasi au minyoo unaweza kutulia kwa siku mbili tatu huku chanzo chake kikiendelea. Vivyo hivyo kwa jipu linaloanza na kwa vidonda vya malengelenge. Dawa ya ganzi nayo, ikitumika kwa muda mrefu, inaweza kuleta mzio unaowasha kuliko ugonjwa wenyewe.

Namna ya kutumia

Soma kwanza karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi; ikiwa maandishi yake ni magumu, mwombe muuzaji akusomee. Idadi ya mara za kutumia kwa siku hutofautiana kati ya dawa na dawa. Nyingi hutumika asubuhi, usiku kabla ya kulala na baada ya haja kubwa. Kisha fuata hatua hizi:

1. Nenda haja kwanza, ikiwezekana, ili dawa isitoke mara tu baada ya kuiweka.
2. Safisha sehemu hiyo kwa maji ya kawaida au ya uvuguvugu. Epuka sabuni kali, dawa za kuua vijidudu na manukato. Jikaushe kwa kugusisha kitambaa laini, bila kusugua.
3. Osha mikono.
4. Kwa krimu au marhamu, paka tabaka jembamba. Kuongeza wingi wa dawa hakuharakishi nafuu. Ikiwa dawa imekuja na mrija wa kuingizia ndani, utumie kama ulivyoelekezwa, uuoshe baada ya kila matumizi, na usimpe mtu mwingine.
5. Kwa kidonge cha kuingiza, ondoa kwanza ganda lake lote la plastiki au la karatasi ya fedha. Lala ubavu, kunja goti la juu kuelekea tumboni, kisha ukisukume taratibu kwa kidole, ncha iliyochongoka ikitangulia. Baki umelala kwa dakika chache. Kidonge hiki hakimezwi.
6. Osha mikono tena.

Vidonge hivi hutengenezwa ili viyeyuke kwa joto la mwili, hivyo huweza pia kuyeyuka kwa joto la mchana. Vihifadhi mahali pakavu, penye kivuli na ubaridi, mbali na bati la nyumba, jiko na mwanga wa jua. Usiviache juu ya pikipiki wala ndani ya mtumbwi. Kikilainika kabla ya kufunguliwa, kitumbukize na ganda lake kwenye maji baridi kwa dakika chache. Kikiwa kimeyeyuka na kupoteza umbo, usikitumie.

Jambo moja husahauliwa: dawa zenye mafuta zinaweza kudhoofisha kondomu za mpira zikapasuka. Wanaotegemea kondomu wamuulize mtoa dawa kuhusu hilo.

Nani aulize kabla ya kutumia?

Watoto na vijana walio chini ya miaka 18 wasipewe dawa hizi bila ushauri wa tabibu. Bawasiri si kawaida kwa mtoto, na muwasho wake mara nyingi una sababu nyingine, hasa minyoo. Mama mjamzito au anayenyonyesha aeleze hali yake kliniki kabla ya kununua. Mwenye kisukari, mwenye kidonda au usaha sehemu hiyo, na aliyewahi kupata mzio wa dawa ya ganzi, nao waulize kwanza.

Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI amweleze mtaalamu wake. Baadhi ya dawa hizo, hasa zenye ritonaviri, huzuia ini kuvunja steroidi, hivyo kiasi kinachoingia mwilini kinaweza kujikusanya na kuleta madhara. Asiache dawa zake za kila siku kwa sababu hiyo. Aulize tu ni dawa ipi ya bawasiri inayomfaa.

Tyubu nyingine isichukue nafasi yake

Si kila dawa ya kupaka yenye steroidi inafaa kwa bawasiri. Betamethasoni na klobetasoli ni steroidi kali zilizokusudiwa kwa magonjwa fulani ya ngozi, chini ya uangalizi wa tabibu. Klobetasoli ina nguvu mara mamia ukilinganisha na haidrokotisoni. Kupaka dawa hiyo sehemu nyororo namna hii ni kualika madhara tuliyoyataja, tena kwa kasi zaidi. Tyubu zinazochanganya steroidi, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria, ambazo wengi huziweka nyumbani kwa kila aina ya upele, nazo si dawa za bawasiri. Usitumie pia krimu za kung'arisha ngozi. Baadhi ya zinazouzwa kwa siri zina steroidi ambayo haikutajwa kwenye lebo, na mtumiaji hawezi kujua anapaka nini.

Tahadhari hiyohiyo ihusishwe na chupa na vikopo visivyo na lebo vinavyotembezwa minadani na kwenye vituo vya mabasi kwa ahadi ya kumaliza bawasiri kwa siku tatu bila upasuaji. Kinachotuliza muwasho kwa haraka mno huenda kina kitu ambacho muuzaji hakukitaja.

Mkoa wa Kigoma unapakana na Burundi, na ng'ambo ya ziwa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Bidhaa huvuka kila siku kwa barabara na kwa boti, na dawa zinaweza kuvuka nazo bila kukaguliwa. Kabla ya kulipa, tazama boksi: je, lina jina la dawa na la mtengenezaji, viambato na kiasi chake, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda? Je, maelezo yapo kwa Kiswahili au Kiingereza? Dawa yenye maelezo ya lugha ambayo wewe na muuzaji hamuielewi haikufai, hata ikiwa ya bei nafuu. Nunua famasi au katika duka la dawa muhimu lililosajiliwa, na udai risiti. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, yana orodha maalumu ya dawa yanazoruhusiwa kuuza. Muuzaji akikueleza kuwa dawa fulani haipatikani kwake ila famasi au hospitali, ujue anafuata utaratibu huo.

Damu isifichwe

Wakazi wa Ujiji wanaifahamu kumbukumbu ya David Livingstone, daktari na msafiri kutoka Uskoti, aliyekutana hapo na Henry Morton Stanley mwaka 1871. Lisilosimuliwa sana ni kwamba Livingstone alisumbuliwa na bawasiri inayotoa damu kwa miaka mingi. Alipokuwa nyumbani Uingereza miaka ya 1864 na 1865 alishauriwa kufanyiwa upasuaji, akaukataa, akarejea Afrika na ugonjwa wake. Sanduku lake la dawa liliibwa safarini mwaka 1867. Mwezi Aprili 1873, wiki chache kabla ya kufariki katika nchi ambayo leo ni Zambia, aliandika katika shajara yake kuwa amedhoofika kwa kutokwa damu nyingi. Malaria na kuhara damu pia vilimwandama, hivyo hatuwezi kusema kwamba bawasiri peke yake ilimuua. Lakini aliyeahirisha matibabu alikuwa daktari, na elimu yake haikuzuia damu kuendelea kutoka. Mgonjwa wa leo ana nafasi ambayo Livingstone hakuwa nayo njiani: zahanati iliyo karibu, na rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni.

Damu ya bawasiri kwa kawaida ni nyekundu, hudondoka au huonekana juu ya kinyesi baada ya haja, bila kuchanganyika nacho. Hata hivyo, rangi ya damu haitoshi kuthibitisha ugonjwa. Mchaniko wa ngozi hutoa damu kama hiyo. Kichocho cha tumbo, ambacho kipo katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kinaweza kuleta damu kwenye choo, nacho kina dawa yake mahususi. Saratani ya utumbo mpana nayo inaweza kuanza kwa damu kidogo isiyouma. Kila mwezi mgonjwa anaoutumia kupaka dawa ya kutuliza ni mwezi anaoupa ugonjwa huo nafasi ya kukua.

Nenda kituo cha afya bila kusubiri siku saba kwisha ukiona mojawapo ya haya:

- damu kutoka kwa mara ya kwanza, hasa ukiwa na umri wa miaka 40 au zaidi;
- damu nyeusi, au iliyochanganyika na kinyesi au kamasi;
- mabadiliko ya choo yanayoendelea kwa wiki kadhaa, au kupungua uzito bila sababu;
- kinyama kilichotokeza kisichorudi ndani, au uvimbe wenye maumivu makali;
- homa, usaha au uvimbe wenye joto;
- weupe wa viganja na macho, kizunguzungu au kuishiwa pumzi.

Damu ikitoka kwa wingi bila kukoma, au mgonjwa akizimia, hiyo ni dharura. Apelekwe hospitali mara moja. Nenda pia ikiwa siku saba zimekwisha bila nafuu, au ikiwa dalili zinarudi mara kwa mara. Tabibu atauliza maswali, atatazama na pengine atapima kwa kidole chenye glavu au kwa kifaa kifupi cha kutazamia ndani. Kipimo hicho ni cha muda mfupi. Una haki ya kupimwa faraghani, ya kuomba mtaalamu wa jinsia yako pale anapopatikana, na ya kuwa na mtu unayemwamini. Ikithibitika ni bawasiri, zipo njia za kuitibu: dawa za kulainisha choo, kuifunga kwa mpira mdogo ili ikauke na kudondoka, na upasuaji kwa hali iliyokithiri.

Tiba inayoanzia jikoni

Dawa ya kupaka bila kubadili choo ni sawa na kukausha sakafu huku paa likiendelea kuvuja. Dagaa na migebuka ni chakula bora, lakini samaki hawana nyuzinyuzi zinazolainisha choo. Ugali uambatane na maharage, kisamvu, matembele au mchicha. Unga wa dona una nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe. Papai, parachichi, embe na machungwa husaidia. Ongeza vyakula hivi kidogo kidogo ili tumbo lisijae gesi.

Kunywa maji safi na salama ya kutosha kila siku. Wavuvi wa dagaa wanaokesha ziwani na madereva wa bodaboda wanaoshinda juani wabebe maji ya kunywa, kwani kiu ya muda mrefu hukausha choo. Haja ikija, usiiahirishe. Ukiwa chooni, usijikamue wala usikae na simu. Kukaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15 hupunguza maumivu, na hakuna madhara ya dawa yanayotokana na maji hayo.

Toa taarifa

Ukipata madhara uliyoshuku kuwa yametokana na dawa ya bawasiri, acha kuitumia, hifadhi boksi na kilichobaki, kisha umweleze mtaalamu wa afya na utoe taarifa kwetu. Fanya hivyo pia ukikutana na dawa isiyo na lebo, iliyokwisha muda au unayodhani ni bandia. Taarifa hupokelewa na Ofisi ya Kanda ya Magharibi na ofisi nyingine za Mamlaka, na kupitia namba ya simu ya bila malipo iliyochapishwa kwenye jalada la nyuma la kijitabu hiki. Jina la mtoa taarifa hutunzwa kwa siri. Kwa taarifa hizo tunaweza kufuatilia dawa iliyoko sokoni na, inapobidi, kuiondoa kabla haijamfikia mtumiaji mwingine.